Ugonjwa wa Sikio Huanzia Puani

Maneno haya yalisemwa katika semina ya siku moja ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tunayachapisha ili wale ambao hawakuweza kufika nao wayasome katika vikundi vyao. Mwishoni kuna maswali ya kujadili.



 Nimeombwa niseme juu ya masikio ya watoto. Najua wengine mlipoiona ratiba mlijiuliza, masikio tena? Tulitarajia habari za mikopo, mbuzi wa maziwa na tangi za maji. Hayo yatakuja mchana. Lakini nawaomba mtege sikio kwanza, kwa sababu katika kazi yangu ya kuzunguka vijijini nimeona jambo moja likijirudia.

Mtoto anapata mafua. Kamasi zinatoka, anakohoa kidogo. Hakuna anayeshtuka, maana ni mtoto gani asiyepata mafua? Siku ya tatu au ya nne anaanza kulia usiku na kujivuta sikio. Baadaye usaha unatoka, kilio kinaisha, na mama anasema, "Afadhali limepasuka, sasa litapona." Miaka minne inapita. Mtoto yule yuko shuleni, sikio bado linatoa maji, na mwalimu anasema akiitwa haitiki, ati ni mkaidi.

Kutoka yale mafua ya kwanza mpaka kwa huyo mtoto anayeitwa mkaidi kuna njia ndefu. Mahali pengi katika njia hiyo mzazi au jirani angeweza kumrudisha. Hiyo ndiyo habari yangu ya leo.

PUA, KOO NA SIKIO NI NYUMBA MOJA

Tuanze na kitu ambacho wengi wetu tumekihisi. Umepanda matatu kutoka Limuru, unateremka kwenda Mai Mahiu. Mkifika katikati ya mteremko masikio yanaziba. Jirani yako unamsikia kama anayeongea ndani ya pipa. Unameza mate, au unapiga mwayo, sikio linalia "pwa!" na mambo yanakuwa sawa. Sasa niambieni, mate yanapita kooni, sikio liko kando ya kichwa. Yanahusiana vipi?

Nyuma ya pua, pale juu ya koo, pana mrija mwembamba unaokwenda mpaka ndani ya sikio. Kila upande una mrija wake. Na sikio lenyewe lina sehemu tatu. Ya kwanza ni hii ya nje tunayoiona, pamoja na tundu lake. Mwisho wa tundu kuna ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngozi ya ngoma, nasi tunaiita ngoma ya sikio. Nyuma ya ngoma kuna chumba kidogo, na ndani yake mifupa mitatu midogo sana. Mmoja kati ya hiyo mitatu ndio mfupa mdogo kuliko yote mwilini. Urefu wake ni kama milimita 3, yaani nusu ya punje ya mchele. Sauti inagonga ngoma, ngoma inatikisa mifupa, na mifupa inapeleka mtikiso kwenye sehemu ya tatu, sikio la ndani kabisa, ambalo hupeleka habari kwenye ubongo.

Kile chumba cha katikati ndicho kinachotuhusu. Hakina dirisha. Hewa yake huingia kwa njia moja tu, ule mrija wa nyuma ya pua. Ukimeza mate, mrija unafunguka na hewa inapita. Lakini hebu teremka ule mlima ukiwa na mafua makali. Utameza mate mpaka koo likauke. Sikio halifunguki, na tena linauma. Ni kwa sababu mafua yamevimbisha utando wa pua, na utando huo huo ndio unaoendelea mpaka ndani ya mrija. Mlango umefungwa.

Kwa mtoto mdogo taabu ni kubwa zaidi. Ninyi ni wakulima, mnajua mifereji. Mfereji wenye mteremko mzuri hujisafisha wenyewe. Ule uliolala tambarare hutuamisha maji na matope. Mrija wa mtu mzima una mteremko, kwa hiyo ute hushuka kooni. Mrija wa mtoto ni mfupi na umelala karibu tambarare. Ute hautoki vizuri, na vijidudu vya puani vina safari fupi ya kufika sikioni. Ongeza kwamba mtoto mdogo aweza kupata mafua mara 6 hata 8 kwa mwaka. Ndiyo maana ugonjwa huu huwapata hasa watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 2.

HATUA KWA HATUA

Kwanza ni mafua. Haya huletwa na virusi, na virusi haviuawi na antibiotiki. Kumkimbilia mwenye duka akupe vidonge viwili vya rangi mbili ni kutupa pesa.

Pili, mrija unaziba. Hewa iliyobaki chumbani inanyonywa na mwili, na majimaji yanaanza kukusanyika.

Tatu, bakteria ambao mara nyingi hukaa puani bila kuleta matata wanapata nafasi. Wanaingia katika majimaji yale na kuzaana. Majimaji yanageuka usaha.

Nne, usaha unaisukuma ngoma ya sikio. Hapo ndipo maumivu makali, hasa usiku mtoto akilala. Anakuwa na joto, anakataa kunyonya, anajivuta sikio au kugeuza kichwa huku na huku. Wengine hutapika au kuhara, na mzazi anadhani ni tumbo.

Tano, ngoma inatoboka. Usaha unatoka na maumivu yanapungua.

Hapa tusimame kidogo. Kupungua kwa maumivu si kupona. Ni kama mtu aliyeona moshi nyumbani akavunja dirisha moshi utoke, akarudi kulala, na moto bado unawaka jikoni. Mtoto akitibiwa na sikio likawa kavu, mara nyingi lile tundu hujifunga lenyewe baada ya siku au wiki chache. Sikio likiachwa na unyevu, vijidudu vingine vinaingia kutoka nje, na tundu linakataa kufunga. Usaha ukitoka kwa wiki 2 au zaidi, ugonjwa umekuwa sugu.

Kuna na hali nyingine isiyo na kelele. Maumivu yameisha, joto limeisha, hakuna usaha, lakini majimaji yamebaki nyuma ya ngoma. Mtoto halii. Anacheza. Ila anasikia kama mtu aliyezama majini. Kwa wengi majimaji haya hukauka yenyewe ndani ya miezi 3. Ikipita hapo na mtoto bado anasema "eh?" kila anapoitwa, apelekwe akapimwe.

Kwa watoto wachache ugonjwa huingia katika mfupa ulio nyuma ya sikio, na kutoka hapo waweza kufika ubongoni. Huko unaua. Sikio halipiti kichwa, wazee walisema, lakini likioza laweza kukiangusha kichwa.

HABARI KUTOKA KIAMBU

Msidhani ninasema mambo ya mbali. Mwezi wa Mei 1992 wataalamu walipima masikio ya watoto zaidi ya 5,000 wa shule za msingi katika wilaya ya Kiambu. Karibu mtoto 1 katika kila 100 alikuwa na sikio la usaha wa muda mrefu. Mtasema ni wachache. Lakini chukueni shule yenye watoto 500: ni watoto 5. Kila mmoja wao amekaa peke yake kwenye pembe ya darasa, akidhani hakuna mwingine kama yeye.

Watafiti hawakuishia hapo. Katika wilaya hiyo hiyo waliwachukua watoto zaidi ya 500 wenye masikio sugu. Kundi moja walikaushwa masikio tu. Kundi la pili walikaushwa masikio na pia kupewa dawa, za kunywa na za matone. Kundi la tatu hawakupewa matibabu hayo. Baada ya wiki 16 waliangaliwa. Kati ya waliokaushwa na kupewa dawa, usaha ulikuwa umekoma kwa asilimia 51. Kati ya waliokaushwa tu, ni asilimia 22. Na wale ambao hawakufanyiwa lolote? Asilimia 22 pia! Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1996.

Tunajifunza nini? Kwanza, sikio likishakuwa sugu, kulikausha peke yake hakutoshi. Kukausha ni kusafisha njia ili dawa ifike. Dawa nayo ni lazima iwepo. Pili, tazameni tena ile asilimia 51. Hata kwa dawa, karibu nusu ya wale watoto bado walikuwa na usaha. Ugonjwa ukishazeeka ni mgumu kuung'oa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe ni yale mafua, na yale maumivu ya usiku wa kwanza.

MAMBO TUNAYOFANYA NYUMBANI

Asubuhi tulipokuwa tukingoja wengine, nyanya mmoja aliniuliza hivi: "Mwanangu, sisi tulitiwa maji ya majani masikioni, na leo tunasikia. Mbona mnatukataza?"

Nyanya, swali lako ni zuri, na naomba nilijibu mbele ya wote. Masikio mengi yanayouma hupona yenyewe, kwa sababu mwili una askari wake. Ukitia majani, litapona. Usipotia, litapona vile vile. Basi majani yakasifiwa kwa kazi iliyofanywa na mwili. Shida ni kwa yule mtoto ambaye mwili wake umeshindwa. Ngoma yake imetoboka, na kile unachomimina kinapita moja kwa moja mpaka katika kile chumba kidogo, pamoja na uchafu wake. Hilo ni kweli kwa maji ya majani, kwa mafuta ya moto, na hata kwa maziwa ya mama. Maziwa ya mama ni dawa kubwa yakipita mdomoni. Sikioni si mahali pake.

Msemo mwingine ni "ni meno tu". Mtoto anaota meno katika umri ule ule anaougua masikio, kwa hiyo meno yanasingiziwa kila kitu. Meno hayatoi usaha sikioni. Mtoto mwenye joto jingi na kilio cha usiku apelekwe, hata kama jino linachomoza.

Tena tuache kuchokoa masikio kwa unyoya wa kuku, njiti ya kiberiti au pini. Na matone ya sikio msinunue bila kuandikiwa. Kuna matone ambayo, ngoma ikiwa imetoboka, yaweza kudhuru sikio la ndani, na mtoto akapoteza kusikia kwa sababu ya dawa yenyewe.

MTOTO AKIPATA MAFUA

Mnyonyeshe mara nyingi, au mpe uji, supu na vinywaji vya vuguvugu. Pua ikiziba, tengeneza maji ya chumvi: nusu kijiko kidogo cha chumvi katika kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Weka matone mawili au matatu kila pua kabla ya kunyonya, kisha mfute. Aliye mkubwa mfundishe kupenga kamasi taratibu, pua moja baada ya nyingine. Akipenga kwa nguvu huku amebana pua zote mbili, aweza kuzisukuma kamasi kuelekea sikioni.

Angalia pia kifua. Mtoto akipumua haraka kupita kawaida, mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu au akipata degedege, usingoje sikio wala asubuhi. Hiyo yaweza kuwa nimonia au hatari nyingine. Mkimbize hospitali.

Sikio likianza kuuma, mpe parasetamoli kwa kipimo cha umri na uzito wake, na umpeleke dispensari bila kuchelewa. Utaulizwa: je, sikio linauma? Linatoa usaha? Tangu lini? Hilo la mwisho ndilo muhimu, kwa hiyo weka hesabu ya siku. Usaha ukiwa wa chini ya siku 14, kwa kawaida mtoto hupewa antibiotiki ya kunywa kwa siku 5, mara nyingi amoksilini, na mzazi hufundishwa kukausha sikio. Ukiwa wa siku 14 au zaidi, hupewa matone ya sikio kwa wiki 2 pamoja na kukausha. Katika hali zote mbili mtoto arudishwe baada ya siku 5 aangaliwe. Na dawa imalizwe. Msimgawie mtoto wa jirani nusu ya chupa, hata kama ni kwa upendo.

KUKAUSHA SIKIO KWA UTAMBI

Wote hapa mnaijua koroboi. Utambi wake unanyonya mafuta kutoka chini mpaka juu. Sikio tunalikausha kwa akili hiyo hiyo.

1. Nawa mikono kwa sabuni.

2. Chukua kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, kilichofuliwa na kukaushwa vizuri, au karatasi laini iliyo imara isiyokatika ndani. Usitumie kijiti, wala karatasi inayochanika.

3. Kisokote kiwe utambi wenye ncha.

4. Mpakate mtoto. Vuta sikio lake taratibu, ingiza utambi polepole mpaka uguse usaha, usisukume kwa nguvu. Ungoje unyonye.

5. Toa utambi uliolowa, weka mwingine mkavu. Rudia mpaka utoke mkavu kama ulivyoingia.

6. Ikiwa umepewa matone, yatie sasa, baada ya kukausha.

7. Fanya hivyo mara 3 kwa siku au zaidi, mpaka usaha ukome. Tambi zilizotumika zichome au zitupe chooni, kisha nawa mikono tena.

Usiache kitu ndani ya sikio baada ya kumaliza. Wakati wa kuoga tu, unaweza kuweka pamba iliyopakwa mafuta ya kujipaka ili maji yasiingie, na uitoe mara moja akimaliza. Kuogelea mtoni kungoje.

Mkiona yafuatayo, ni hospitali siku hiyo hiyo: uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, sikio likisukumwa mbele, maumivu makali ya kichwa, shingo kukakamaa, kizunguzungu kikali, degedege, au uso kupinda upande mmoja.

KUKINGA

Mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha endelea kumnyonyesha pamoja na vyakula vingine. Maziwa hayo yana kinga. Anayetumia chupa asilazwe chali akijinywesha mwenyewe, kwa sababu maziwa yaweza kupanda kuelekea ule mrija. Mpakate kichwa kikiwa juu.

Hakikisheni kitabu cha kliniki kimejaa. Surua huleta ugonjwa wa masikio, na chanjo yake hutolewa akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Tangu mwaka 2011 watoto wa Kenya hupewa pia chanjo ya kuzuia bakteria mmoja anayeleta nimonia. Bakteria huyo ni mmoja wa wale wanaoingia masikioni, kwa hiyo sindano moja inalinda kifua na inasaidia sikio.

Kisha kuna moshi. Moshi wa kuni na wa sigara huudhi utando wa pua na ule mrija. Kina baba, mkivuta ndani ya nyumba, mtoto naye anavuta. Jikoni, fungueni madirisha, na mtoto asifungwe mgongoni mama akipuliza moto. Vikundi vingi vya kina mama vilijenga majiko ya Maendeleo, yale ya udongo yanayotumia kuni chache. Tulisema ni kwa ajili ya kuokoa msitu. Kuni chache zikiwaka vizuri, moshi nao hupungua, na hiyo ni faida kwa vifua na masikio ya nyumba nzima.

MTOTO ASIYESIKIA SI MKAIDI

Nilikutana na kijana mmoja wa darasa la pili, umri wake miaka 8, akilelewa na nyanya yake. Shuleni alikuwa akisimamishwa nje mara kwa mara kwa kutofuata maagizo. Wenzake walikataa kukaa naye dawati moja kwa sababu ya harufu. Nyanya yake, kwa kumpenda, alikuwa akimjaza pamba sikioni kila asubuhi ili harufu isitoke. Usaha ukafungiwa ndani siku nzima.

Nilisimama nyuma yake nikamwita kwa sauti ya chini. Hakugeuka. Nilipogonga meza aligeuka mara moja, maana aliuhisi mtikiso. Tulikwenda dispensari, akapewa matone ya wiki 2, na nyanya akajifunza utambi. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka mwanzoni, lakini hakukosa hata siku moja. Sikio lilikauka. Msimu wa mvua mafua yalirudi, na usaha ukarudi nayo, wakaanza tena upya. Alipopimwa hospitali alionekana amepoteza sehemu ya kusikia upande mmoja, na hiyo haikurudi yote. Lakini mwalimu alipoelezwa alimweka dawati la mbele, sikio zima likielekea kwake. Mwisho wa mwaka alikuwa anasoma. Hakuwa mkaidi hata kidogo. Alikuwa hasikii.

Katika Injili ya Marko, sura ya 7, tunasoma habari za mtu aliyeletwa kwa Yesu akiwa kiziwi na mwenye shida ya kusema. Angalieni mpangilio: Bwana alimtenga na umati, akagusa masikio yake kwanza, ndipo akagusa ulimi. Wauguzi wanaowapima watoto watawaambia vivyo hivyo. Mtoto hujifunza kusema kwa kusikia. Sikio likifungwa katika miaka mitatu ya kwanza, ulimi nao unachelewa, na shule inachelewa. Na angalieni pia kwamba yule mtu hakuja peke yake. Aliletwa na watu. Watu hao ni nani leo kama si kikundi?

Basi mjue alama. Mtoto mchanga hushtuka kwa kishindo. Wa miezi 6 hugeukia sauti. Wa mwaka mmoja hugeuka akiitwa jina. Wa miaka 2 huunganisha maneno mawili. Asipofanya hivyo, msiseme "baba yake pia alichelewa". Mpelekeni kliniki. Kuna pia vituo vya EARC vya Wizara ya Elimu, vilivyoanza mwaka 1984, ambavyo huwapima watoto wenye shida ya kusikia na kuwashauri wazazi kuhusu shule. Na kwa wale ambao hawatasikia tena, shule zipo. Zile za Mumias na Nyang'oma zilianza mwaka 1961 kwa juhudi za Kanisa. Mtoto kiziwi ni mtoto wa kusoma kama wengine.

Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto hutokana na mambo yanayoweza kuzuiwa. Yaani watoto 6 katika kila 10. Si lazima tungoje mtaalamu kutoka Nairobi.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Mnakutana kila mwezi kwa ajili ya mchango wa mzunguko. Ongezeni dakika kumi. Kila mmoja aseme kama kuna mtoto nyumbani au kwa jirani mwenye sikio linalotoa usaha, na katibu aandike tarehe ulipoanza. Chagueni watu wawili wajifunze utambi kutoka kwa muuguzi au mhudumu wa afya wa kijiji, nao wawafundishe wengine. Tengeni sehemu ndogo ya mchango iwe nauli ya mtoto anayetumwa hospitali, kwa sababu wengi hukwama hapo, barua ya hospitali mkononi na nauli hakuna. Na mzee mmoja anayeheshimika aende shuleni aongee na walimu kwa upole juu ya watoto wasiosikia.

Hayo hayahitaji mfadhili. Yanahitaji mtu wa kuuliza.

 

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika kijiji chetu watu husema nini mtoto akitoka usaha sikioni? Ni lipi kati ya hayo linalomsaidia, na ni lipi linalomchelewesha?

2. Je, tunamjua mtoto anayeitwa mkaidi au mjinga, ambaye huenda hasikii vizuri? Nani atakwenda kuwaona wazazi wake, na lini?

3. Ni nini kinachotuzuia kufika dispensari mapema: nauli, foleni, kazi ya shamba, au kudharau ugonjwa? Kikundi kinaweza kuondoa kizuizi kipi mwezi huu?

4. Jikoni kwetu moshi unatoka wapi, na mtoto hukaa wapi wakati wa kupika?